Kiegemeo Kilichomwinamia Burl Ratliff

Jumamosi asubuhi, barazani kwake katika vilima vya Kentucky, Enos Tackett alikuwa akipiga randa ubao wa mjozi alioutoa kwenye kitanda cha marehemu binti yake, Opal. Aliwaundia wenzake wa chama cha bastola za kale kiegemeo: kitako kipana, na juu yake nguzo mbili za kuishika bastola wima, mdomo juu, wakati wa kushindilia baruti na risasi. Hadi siku hiyo walizilaza mezani.

Mezani hapo ndipo Opal alipouawa na bastola iliyofyatuka, akiwaandalia maharagwe na mkate wa mahindi. Kanuni ya chama kila mtu aliijua: bastola haivikwi fataki, kile kifuniko kidogo cha kuilipua baruti, mpaka mpigaji asimame kwenye mstari. Mwenyekiti, Burl Ratliff, aliivika yake akiwa ameketi, kwa uvivu tu. Kisha akamwambia sherifu kwamba Opal ndiye aliyeivika, kwa kuchezea vitu asivyovijua, na wenzake wakaitikia. Enos hakutaka mtu afungwe. Alitaka neno hilo liondolewe juu ya mtoto wake.

Mchana huo wenzake walikusanyika kula. Kiegemeo kilipotuliwa mezani kikiwa kimeshika bastola tupu, kiliinama kuelekea kwa Burl. Enos akakiwekea pimamaji. Kitako kilikuwa sawa kabisa; nguzo ndizo zilizoinama. Wakakihamishia upande wa pili, kikamwinamia Burl vilevile. Burl akaenda kukaa mwisho wa meza. Kikageuka polepole, kikainama tena.

"Mbao mbichi hiyo, mzee," alisema Clete, mweka hazina.

"Imelaliwa miaka kumi na tisa."

"Basi imekupenda, Burl! Mkeo anajua?"

Wakacheka. Burl naye alicheka, akaendelea kupaka siagi mkate wake mbele ya mdomo wa bastola.

"Burl," Enos alisema, "waambie nani aliivika fataki."

"Ndugu yangu, si mti umeshasema?" Burl alijibu kwa upole. "Mimi niongeze nini?"

Hakuna aliyebisha. Walipomaliza kula walipiga kura, na Burl akarudishwa kwenye uenyekiti kwa mikono yote isipokuwa mmoja. Kwa sherifu hakwenda mtu.

Palibaki tatizo la baruti, maana kiegemeo kikiinama ilimwagika.

"Fundi wetu ni wewe, Enos," alisema Clete. "Kichongee kabari, bwana, tuanze kupiga."

Enos akachonga kabari, akaichonga vizuri, kwa kuwa hakujua kufanya kazi vibaya. Akaisukumiza chini ya kitako upande wa Burl. Kiegemeo kilishindana kidogo na kidole chake, kisha kikasimama wima. Watu wakapanga foleni na bastola zao. Yeye alikishikilia kwa mikono miwili, na kila wenzo wa bastola uliposhuka kushindilia risasi, aliomba radhi kwa sauti ndogo, akimtaja binti yake kwa jina.