Zamu ya Kupokea Simu

Jumapili mchana, tumbo limejaa ugali na kisamvu, Atanasi Mwalongo alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni. Usingizi ulipomchukua, aliota yuko kwenye ukumbi wa halmashauri.

Atanasi alikuwa afisa mipango wa wilaya, mtu wa maneno laini. Wiki hiyo alikuwa ameliondoa fungu la bajeti la simu ya ushauri, simu ya watu wanaofikiria kujiua au waliozidisha dawa, akalipeleka kwenye ujenzi wa uzio wa ofisi. Muuguzi mmoja, Eufrasia, alimfuata mara tatu kumsihi. Mara ya tatu Atanasi alijifungia chooni mpaka muuguzi alipoondoka.

Ndotoni, fungu limekaa mezani, limepangwa kama fungu la nyanya sokoni.

"Nibebe basi," linasema. "Si umeagiza nihamishwe?"

Atanasi analibeba kichwani. Ni zito kuliko alivyodhani. Madiwani wanapiga makofi. Nje, uzio unamkodolea macho.

"Mimi sikuomba kitu," unasema. "Hata mbuzi wananizunguka tu."

"Imeshapitishwa," anajibu Atanasi.

"Kanuni umeisoma? Fungu likihama, kazi yake inamwangukia aliyelihamisha."

Anageuka amuulize katibu, lakini ukumbi haupo. Yuko kwenye zahanati ya kijijini, chumba cha dirisha moja. Eufrasia anamvalisha koti jeupe taratibu, kama anayemvalisha mgonjwa.

"Sista, mimi si mtaalamu."

"Najua, bosi. Mtaalamu ndiye niliyekuja kukuomba."

Simu inakohoa kabla ya kuita. "Ni mama mmoja," inamwambia. "Amemzika mumewe juzi. Usimhubirie."

"Haloo," anasema Atanasi.

"Vidonge viko mezani," inasema sauti ya mama. "Nimesikia kuna mtu wa kupokea. Ndiye wewe?"

Anatamani kukana. "Ndiye mimi, mama. Jirani yako nani?"

"Mama Tulizo."

"Mwite aje avichukue hivyo vidonge, akae na wewe. Mimi sikati simu."

Anasikia mlango ukilia, kandambili, kisha sauti ya pili ikisema, "Jamani, mwenzangu." Mama analia. Baadaye anaanza kumsimulia habari za mumewe, alivyopenda chai ya tangawizi, na Atanasi anaitikia, "ndiyo, mama, ndiyo."

"Kumbe hii simu ipo," anasema mama. "Wanasema kuna mkubwa ameifuta."

Aibu inampanda Atanasi mpaka masikioni.

"Ni mimi, mama."



"Haya," anasema mama. "Usikate."

Atanasi alizinduka. Mkewe alikuwa amesimama juu yake na kitambaa cha meza mkononi.

"Baba Shukuru, ulikuwa unaongea na nani muda wote huo?"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala na simu sikioni?"

Kweli, simu ilikuwa shavuni, ya moto. Kioo kilionyesha namba asiyoijua, dakika arobaini na tatu. Chini yake palikuwa na ujumbe umeingia sasa hivi: *Nimekula kidogo. Mama Tulizo analala hapa leo. Kesho nikizidiwa nipige namba ipi?*

Atanasi alijipangusa uso kwa kiganja. Wilaya nzima haikuwa na namba nyingine, na aliyesababisha alimjua.

Akaandika: *Hii hii, mama.*