Mkoba wa Bibi Magoti

Mtaani wananiita Bibi Magoti, na sikatai. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba zenye watoto wadogo. Nikiingia napiga magoti na kutambaa, nione anachokiona mtoto: ndoo ya maji isiyo na mfuniko, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, waya uliochubuka. Hospitali inahesabu watoto waliofika getini. Wanaofia nyumbani kwa ajali kama hizo wako kwenye daftari langu. Mwaka wa kwanza walikuwa tisa, uliofuata watano, mwaka jana mmoja. Mwaka huu ukurasa bado mweupe, namshukuru Mungu, na maringo yangu msiyaulize.

Basi mke wa mwanangu akamleta mjukuu akae kwangu wiki mbili. Nilizisubiri siku hizo tangu azaliwe. Anatambaa mbio kama mwizi. Lakini mama yake hakuniachia mtoto mlangoni. Alivua viatu.

"Mama, samahani. Nami nataka kukagua."

"Unikague mimi?"

"Ndiyo, kwa fomu yako mwenyewe ya ukaguzi. Nyumba yangu uliifelisha mara mbili."

Nikajichekesha. Akatambaa jikoni, akachungulia uvunguni, akatikisa kila mfuniko. Hakuona kosa. Mimi nyuma yake nimevimba kwa fahari.

Tuliporudi sebuleni tulikomwacha, mtoto alikuwa kimya, na kimya cha mtoto nakijua. Amekaa sakafuni kando ya mkoba wangu, mkono mmoja umezama ndani hadi kiwiko. Mkono wa pili umeshika kidonge changu cha presha, chekundu kama pipi, anakipeleka mdomoni.

Mama yake alimwahi. Akahesabu vidonge, vyote vilikuwepo. Nikakaa palepale chini.

Kilichonitoa jasho zaidi ni kwamba mkoba ule ndio ninaoingia nao kila nyumba. Miaka minne nauweka sakafuni, kando ya watoto wa watu, ili nitambae vizuri. Niliona aibu, na niliogopa.

"Umefeli, mama," akasema mke wa mwanangu. Nikajua mtoto anaondoka. Kumbe akauliza: "Nyundo iko wapi?"

Tukapigilia msumari juu ukutani, tukautundika mkoba. Mjukuu aliutazama kwa kinyongo wiki mbili nzima.

Siku hizi nikifika kwa mtu, kabla sijapiga magoti, naomba kwanza msumari. Wanacheka. Nami nawaeleza kwa nini, nyumba kwa nyumba.