Uji Uliogeuka Buluu

Rovu la Dorika, ule uvimbe wa shingoni, lilianza kama punje ya mtama, likawa yai, likawa kibuyu. Mwaka ule Operesheni ya serikali ilipowahamishia watu kijiji kipya karibu na Mgori, nalo lilihama pamoja naye bila kuandikishwa. Wenzake walipoulizana nani kapoteza nini katika kuhama, Dorika alijibu kwamba yeye kinachomuudhi ni kile alichofika nacho.

Mchana halikumsumbua sana. Tabu ilikuwa kulala. Akilala chali pumzi inakwama, anakoroma kama mbuzi aliyejinyonga na kamba. Kwa hiyo akawa analala ameketi, mgongo ukutani, macho nusu wazi, kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda.

"Mama Martina," mumewe Mughwai alimwambia, "ukilala hivyo wezi hawatakaribia. Yule mbwa hana kazi tena."

"Basi muuze."

Hawakumuuza mbwa. Wakapanda lori la ushirika kwenda hospitali ya misheni, ambako kila baada ya miezi michache alikuja kukaa wiki kadhaa bingwa wa matezi, Daktari Melkizedeki, aliyesoma ng'ambo miaka mingi mpaka baadhi ya mambo ya huku yakamtoka.

Dorika aliingia chumbani kwake, akasimama, akangoja. Daktari alikuwa kijana wa kumzaa. Kijana akikutana na mtu mzima kuna neno linalotangulia. Hata mwizi wa mbuzi hulisema mkikutana njiani, akiwa na mbuzi wako. Daktari hakulisema. Aliitazama shingo, akaiambia shingo:

"Meza mate."

Dorika akameza.

"Tena."

Akameza tena. Vidole vya baridi vikambinya huku na huku, kisha daktari akasema, "Hili linabana njia ya hewa. Litatolewa kwa operesheni."

"Nilishafanyiwa moja," Dorika akasema. "Ile ilichukua nyumba. Hii inataka shingo."

Daktari hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Na sauti yangu?"

"Mshipa wa sauti uko karibu. Nitauangalia."

Nitauangalia. Katibu wa kijiji naye aliahidi kuwaangalia ng'ombe wao, na ng'ombe mpaka leo wako maganjoni, kule kwenye makazi ya zamani walikotolewa, chini ya uangalizi wa shemeji. Dorika alikuwa na mali tatu duniani: ng'ombe, sauti na Mughwai. Ng'ombe walikuwa mbali. Sauti, ambayo ndiyo iliyoanzisha nyimbo wakati wa kupura mtama na kumaliza ugomvi wa kisimani, ikiondoka nayo, angebaki na Mughwai peke yake.

Nesi alimpa kichupa cha dawa yenye rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Matone asubuhi, mchana na jioni, ndani ya maziwa, wiki mbili, kisha arudi akatwe.

Maziwa yalikuwa maganjoni pamoja na wenyewe wanaoyatoa. Kwa hiyo kesho yake Dorika alichukua uji wa mtama uliopoa, mweupe mzuri, akadondosha matone, akakoroga.

Uji ukageuka buluu. Si buluu ya kuonewa shaka. Buluu ya wino wa shule.

Mughwai alichungulia bakuli. "Hii unakunywa au unaandikia?"

Akaitwa Gaspari, balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kujua mambo kabla hayajathibitishwa. Gaspari alinusa, akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo dawa imejitaja yenyewe," akasema. "Mpeni kuku."

Kuku alipewa. Akanywa, akafuta mdomo chini, akaangalia kama kuna kingine. Siku nzima watu wazima watatu walimlinda kuku mmoja, na kuku akaishi kwa heshima ambayo ukoo wake haujawahi kuipata. Jioni akapanda kulala, mzima wa afya.

"Kuku si mtu," Gaspari akasema. "Sumu ya mtu haimjui kuku."

"Basi aonje balozi," Mughwai akasema.

Gaspari akakumbuka kwamba ana mkutano.

Dorika alikaa akilitazama bakuli. Kwao, aliyepika pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, tena wageni wanatazama koo lake mpaka waione inashuka. Haikuwa dharau, ilikuwa adabu. Asiyeonja pombe yake, wageni hujiondokea, hata akiwa mkwe.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilipokea kichupa na mwenyewe hajaonja."

Wakarudi kwa lori lile lile. Safari hii Dorika alibeba uji ndani ya kibuyu, na njia nzima alisimama ameshika ubao, kwa sababu siku hizo hata kuketi kulianza kuikata pumzi.

Daktari alishangaa. "Mbona mmewahi? Dawa imekwisha?"

"Haijaanza," Dorika akasema. Akamimina uji kwenye bakuli mezani, juu ya karatasi za daktari, akadondosha matone. Buluu ikatanda.

"Ah," daktari akasema. "Hiyo si sumu. Dawa hii ikikutana na wanga wa nafaka hugeuka hivyo. Ndiyo maana tulisema maziwa."

"Maziwa yako maganjoni."

Daktari akakiangalia kichupa. "Sikuuliza," akasema.

"Basi onja."

"Mimi? Mimi sina rovu."

"Na mpika pombe hana kiu."

Nesi aligeukia kabati akaanza kuhesabu pamba. Daktari akatazama mlango, ambako wagonjwa walijipanga mpaka uani, akamtazama mama huyu ambaye tayari ameshika kibuyu chake na anaelekea kutoka. Akainua bakuli, akanywa. Dawa ile ina ladha ya msumari wenye kutu. Uso wake ulisema hivyo, lakini bakuli alilimaliza.

"Imeshuka," akatangaza Mughwai, aliyekuwa ameinama kulitazama koo.

Dorika aliketi. "Na kisu, utakionja?"

"Kisu sionji."

"Sauti yangu je?"

Daktari alijifuta mdomo kwa kiganja. "Mama, siwezi kuapa. Nimepasua wengi. Mmoja amebaki anakwaruza mpaka leo. Waliobaki wanasema, na wengine wanasema kupita kiasi."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia Dorika usoni badala ya shingoni, naye angelipima kwa makini, ila daktari alipojifuta alikuwa ameupaka uji kwenye masharubu yote mpaka shavuni, na sasa bingwa wa matezi aliyesoma ng'ambo alikuwa na masharubu ya buluu, tena amekaza uso.

Dorika akacheka.

Kicheko hakikutoka. Kilifika kwenye rovu kikakaa hapo. Hakikwenda nje, na hewa haikuja ndani. Akashika meza. Macho yakamtoka. Daktari aliruka kiti, akamwinamisha mbele, akamshika mabega, "Polepole, mama, polepole," mpaka pumzi ikarudi nyembamba kama uzi, ikipiga mluzi. Mughwai, mwenye neno kwa kila jambo, alisimama amekumbatia kibuyu.

Dorika alipoweza kusema, alisema, "Nikate. Hata kucheka kumekuwa kazi ya hatari."

Wakamlaza, wakampa matone kwa maziwa ya ng'ombe wa misheni, na siku ilipofika wakampa nusukaputi, dunia ikazimika.

Alipozinduka shingo ilikuwa imefungwa bendeji na nyepesi ajabu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Amelala chali. Pumzi inaingia, inatoka, haimuulizi mtu.

Daktari aliinama juu yake. "Sema kitu, mama."

Dorika akamtazama.

"Taja jina lako."

Kimya. Nesi akaacha alichokuwa anakifanya. Jasho likaanza kumtoka daktari kwenye paji la uso.

Dorika mwenyewe hakujua kama sauti ipo. Aliogopa kuijaribu. Na kama limebaki neno moja tu mle ndani, hakuona sababu ya kulimaliza kwa kutaja jina ambalo kila mtu pale analijua.

Mughwai alimwangalia mkewe. Ukimya ule aliufahamu. Aliwahi kuishi nao kiangazi kizima kwa sababu ya ndama.

"Daktari," akasema taratibu, "umeingia kwa mtu mzima."

"Ndiyo."

"Umeingia mara nyingi."

Daktari alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka utotoni. Kisha akaiacha shingo, akainama kidogo, mikono mbele.

"Shikamoo, mama."

Dorika akavuta pumzi. Ikashuka yote.

"Marahaba," akasema. Ilikwaruza kama mlango unaoburuzwa mchangani, lakini ilikuwa yake, na ilifika mpaka kwa wagonjwa wa kitanda cha mwisho. "Marahaba, mwanangu. Sasa niletee maziwa. Uonje kwanza."