Mpira wa Kuona Ndani

Siku ya tatu ya matanga, nyumba ya Marthe ilijaa mpaka watu wakakalia madumu matupu ya petroli. Ndivyo alivyoipenda nyumba yake siku zote: imejaa, ina kelele, ina chai. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ukitaka kujua nani kaolewa, nani kapata ndege ya Amerika, nani kakimbiwa na mume, ulikwenda kununua petroli kwake, kwa Mama Junior, hata kama huna pikipiki. Lakini leo habari ilikuwa ya kwake mwenyewe, naye aliisikiliza akiwa mkekani, kitenge kimemfunika mdomo.

"Fundi njo alimuua Junior," alisema Nyiramana, jirani wa mlango wa pili, wala hakushusha sauti. "Alifunga tiyo mubaya, ile mpira ya petroli."

"Na ako pale inje anapasua kuni! Hana haya," akadakia mwingine.

Fundi huyo alikuwa Gad, mtoto wa marehemu dada yake Marthe. Marthe alimbeba mgongoni kutoka Fizi, Kongo, mwaka tisini na sita, Junior akiwa bado tumboni, akawalea wote wawili kwa sahani moja. Sasa Junior yuko chini ya udongo, na Musoni, mkubwa wa ukoo, amesema chai ikiisha Gad achukue funguo zake za gereji aende, asikanyage hapa tena.

Marthe alijua kwamba si Gad.

Mwezi uliopita tu Gad alikuwa amekaa kwenye meza ya petroli ya Marthe, ana vipande vitatu vya mpira mkononi. Jamiru, mfanyabiashara wa matairi kule Mbarara, alikuwa na Corolla aliyompa Junior aendeshe dragi za Biharwe: magari mawili, barabara iliyonyooka, atakayetangulia ndiye bwana. Mpira wa kupitisha petroli kwenye gari hilo ulikuwa umepasukapasuka. Gad akavitia vile vipande kwenye kopo la petroli siku mbili. Kimoja kikavimba kama mdomo ulioumwa na nyuki. Cha pili kikanata vidole. Cha tatu, cheusi, kinene, chenye nyuzi ndani, kikatoka kama kilivyoingia. Jamiru alikuwa amekileta kutoka Kampala.

"Huu njo mpira, Mama Mudogo."

Marthe alicheka mpaka wateja wakageuka. "Mweusi hivi? Unajua nani hapa anatumia mpira mweusi? Kabera! Na petroli yake anachanganya maji mingi!"

Nakivale jina la muuza petroli ni mpira wake. Wa Marthe ulikuwa mweupe wa kuona ndani. Mteja anainama, anatazama petroli ikiteremka, haina maji, haina povu, anakwenda zake na roho safi. Miaka kumi na moja hakuna aliyemlalamikia.

"Ya kwako ni ya kumimina, Mama Mudogo. Kule petroli inasukumwa kwa nguvu, na injini ni moto."

"Wewe utanifundisha mimi petroli?"

Gad akaondoka na ule mweusi, akaufunga kwenye gari.

Jumamosi kabla ya mbio, Marthe alikwenda Mbarara lilikokuwa gari, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Kikapuni aliweka pia mpira wake mpya kabisa wa kuona ndani, alioununua Kikagate, mpakani. Gad alikuwa amekwisha kukagua gari zima asubuhi, ametoka kumpelekea Jamiru ufunguo wa akiba. Junior alikuwa chini ya boneti, amenuna.

"Inakohoa nikiondoka, Maman. Sijui petroli haifike, sijui ni hewa."

"Utajuaje na ule mweusi unakuficha? Weka huu, uone na macho yako."

"Gad atanichapa."

"Akuchape mimi niko wapi?"

Junior akakata, akabadilisha kipande cha karibu na injini, akawasha. Petroli ikapita mle ndani, inang'aa. Mama na mwana wakaitazama vichwa vimegusana.

"Nzuri sana, Maman," alisema Junior. Kisha wakala sombe.

Jumapili Gad hakufungua boneti tena. Ya nini, na alikuwa amekwisha kukagua. Mbio za kwanza Junior alishinda. Za pili, ule mpira ukalegea kwa joto, ukachomoka, petroli ikamwagikia chuma chenye moto, gari likawaka. Junior alifariki Jumanne hospitalini.

Sasa mlangoni akaingia Jamiru, kofia mkononi.

"Nyabo, pole sana. Mimi nasema ukweli tu. Ile mpira nilinunua mwenyewe, ya nguvu. Kama ilitoka, mtu aliitoa."

"Mumesikia?" Nyiramana akaruka. "Aliiuzisha!"

Musoni akasimama. "Gad! Njoo uchukue funguo zako, uende."

Gad akaingia, jasho usoni, shoka bado mkononi. Alimtazama Marthe mara moja, akainamisha kichwa.

"Musimuguse," alisema Marthe. Kitenge kilimwanguka. "Ni mimi. Mimi njo nilimupa Junior mpira wangu. Gad alinikataza."

Gad akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichojikunja, cheupe upande mmoja, upande mwingine kimeungua, akakiweka mkekani.

"Niliukuta kwa injini, Jumapili."

"Ulijua? Siku zote hizi wanakutukana, ulijua?"

"Nilikuwa nangoja uniambie, Mama Mudogo. Mimi peke yangu. Haukuniambia."

Watu wakaanza kuaga. Nyiramana alitoka bila kumaliza chai. Musoni akamfuata Jamiru nje. Mara ya kwanza tangu ijengwe, nyumba ile ikawa na nafasi ya kukaa.

Pikipiki ikasimama nje.

"Mama Junior! Lita moja, haraka!"

Marthe alibaki mkekani. Gad akaenda, akautoa mpira mweupe kwenye msumari, akamimina. Yule wa pikipiki, kama wateja wote wa pale, akainama kuitazama petroli ikiteremka.

Marthe akageukia ukuta.