Viatu Vilivyolala Chali

Shangazi yangu ana ofisi ya chumba kimoja, juu ya duka la vioo. Tunawatengenezea wenye maduka picha za kuweka kwenye tovuti zao. Tuko watatu: yeye, mimi, na kijana tunayemwita Kinyonga, kwa sababu hamalizi kazi bila kubadilisha rangi mara kumi.

Kazi yangu ni kusafisha picha. Mtu analeta picha ya kiatu iliyopigwa kikiwa juu ya kitanda. Mimi naondoa kitanda, nabakiza kiatu. Niliacha shule darasa la nne mama alipougua, na kusoma kwangu ni kwa kudonoa, herufi moja moja, kama kuku. Lakini programu yetu haikuwa na makuu. Kila kitufe kilikuwa na kapicha kake: mkasi, ndoo ya rangi, kifutio, mishale miwili ya kugeuza. Shangazi alijua habari ya kusoma kwangu. Kinyonga hakujua, na niliomba asijue, maana utani wa yule hauna breki.

Kisha likaja toleo jipya la programu ile. Shangazi akasema tulitumie kwa majaribio wiki nzima ndipo tuamue kama tutahamia.

"Tena kwa kazi za kweli," akasema. "Sufuria mpya haijaribiwi kwa kuitazama."

"Na chakula kikiungua?" Kinyonga akauliza.

"Tutakula ukoko."

Nilipoifungua, vile vipicha havikuwepo. Pale juu yalikuwa maneno matupu, yamepangana kama watu kwenye foleni. Nilijaribu kuyadonoa, nikaona jua litazama kabla sijafika katikati. Basi nikauacha mkono uende ulikozoea. Mara nyingi haukukosea. Mkasi ulikuwa palepale, ila umevaa neno.

Siku hiyo nilikuwa na viatu vya watoto vya mteja mmoja. Nilikuwa nimevipindua, nyayo juu, nisafishe kingo za soli. Nilipomaliza nikataka kuvirudisha. Mkono ukaenda pembe ya juu kulia, mahali pa mishale miwili. Nikabonyeza. Viatu havikugeuka. Nikabonyeza tena. Kikatokea kidirisha chenye maneno mengi, nami nikabonyeza penye buluu ili kiondoke.

Haukupita muda simu ya Shangazi ikalia. Mikono yake ilikuwa na kazi, akaiweka sauti ya nje.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Habari za dukani?"

"Za dukani nakuuliza wewe. Viatu vyangu vimepatwa na nini? Nafungua tovuti hapa, vyote vimelala chali kama mende! Mama mmoja kanipigia, anauliza siku hizi tunauza viatu au soli."

"Nipe dakika, baba. Vitasimama."

Akaurudisha ukurasa wa zamani. Kinyonga alikuwa ameangusha kichwa mezani kwa kucheka.

"Nani kaua viatu vya watu jamani? Tujue matanga yako wapi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi alinitazama, kisha akasema, "Kesho asubuhi tunakaa tuamue. Kila mtu aje na lake."

Jioni nilikosha vyombo bila kuviona. Nikinyamaza, watahamia, na mimi nitaendelea kubahatisha hadi niue duka zima. Nikisema, itabidi niseme na sababu, na asiyeweza kusoma vitufe atawekwa wapi? Kazi hii ndiyo ya kwanza ambayo watu husema, "Mpe yule, mkono wake mwepesi." Sikutaka kuipoteza.

Asubuhi tukavuta viti. Kinyonga akaanza. Programu ni nyepesi, rangi zimeongezeka, yeye angehamia hata jana.

Shangazi akanigeukia. "Nawe, mwanangu?"

Nikajibu nikivitazama vidole vyangu. "Viatu ni mimi. Nilibonyeza mahali pa mishale. Sasa hivi pana neno, sikulisoma. Hayo maneno siwahi kuyamaliza. Nasoma polepole sana."

Nikangoja kicheko. Kinyonga akajikuna kidevu.

"Pembe ya juu kulia?"

"Ndiyo."

"Aa!" Akajipiga paja. "Hata mimi nimebonyeza hapo, tena siyo mara moja! Ila kazi yangu sikuwa nimeiunganisha na tovuti ya mtu, ikagoma. Nikalaumu mtandao."

"Na wewe unasoma," Shangazi akasema.

"Nasoma, Shangazi, lakini nani husoma mlango wa kwao?"

Shangazi akavuta kompyuta, akafungua picha ya birika, akajiambia, "Geuza." Mkono wake ukakimbilia pembe ileile. Akauzuia juu ya neno, akacheka peke yake.

"Chapisha," akanisomea. "Wamekitoa kitufe cha kugeuza, wakaweka cha kurusha kazi hewani. Mazoea yana taabu kweli. Hili nitawaandikia waliotengeneza."

Akaamua hivi: tutahamia, kwa sababu programu ni nzuri, lakini kuchapisha kutabaki kwenye kompyuta yake tu. Kwetu akakificha hicho kitufe, mishale akairudisha pembeni. Nikangoja aseme na langu.

"Na wewe utayajua maneno ukiwa kazini. Hakuna anayeondoka hapa."

Kinyonga akaburuta kiti chake mpaka karibu na meza yangu. "Uliza tu. Kucheka nitakucheka, sikufichi. Lakini nitakuambia."

Nilitaka kumshukuru, mkono ukakimbilia kazi. Nikafungua viatu vya yule mteja, nikavisimamisha kwanza. Soli moja ilikuwa bado ina manyoya ya blanketi la kitandani. Nikatazama foleni ya maneno, nikadonoa la kwanza, la pili nikalipata. La tatu likanishinda.

"Kinyonga," nikaita, kwa sauti iliyomfikia hata Shangazi. "Hili la tatu linasemaje?"

"Kingo," akasema bila kuinua macho. "La kulainisha pembeni. Ungelijua jana, marehemu wangezikwa wakiwa safi."

Shangazi akaguna kwa kicheko. Nikalibonyeza. Manyoya yakaondoka, soli ikabaki peke yake, imenyooka.

"Asante," nikasema, na hilo nalo likasikika.