Udongo wa Buti

Chumba chetu kilikuwa stoo ya maktaba, na panya hawajakubali mpaka leo kwamba kimebadilisha wenyewe. Humo tunahifadhi vitu vya vijana wa mtaa huu waliokwenda vitani: sare, picha, chupa za maji za bati, nishani, na filimbi moja ambayo Katibu hawezi kupita bila kuipuliza. Hakuna anayetulipa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo narudishia vifungo na kuziba matundu ya nondo. Katibu, karani mstaafu, anaandika vibandiko na kuitisha vikao. Akikosa la kujadili, anaitisha kikao cha kupanga kikao. Wa tatu ni Sajini, ambaye kati yetu ni yeye peke yake aliyewahi kwenda vitani.

Kazi ya Sajini ni viatu. "Askari hasimami mbele za watu na viatu vichafu," husema, na kwa kuwa marehemu hawawezi kujisafishia, anawasafishia yeye. Anaanza na brashi kavu, ile ngumu, kung'oa udongo. Halafu dawa ya viatu, halafu kitambaa, halafu mate kidogo. Mate yalimkera Katibu. Kikao kiliitishwa, na mate yakashinda.

Tulikuwa tunajiandaa kufungua chumba kwa watu. Kila aliyekuwa na kitu alikileta, na buti za kikosi cha kina Sajini zilirundikana mlangoni kama kuna msiba ndani. Siku hizo ndipo alipokuja mama mmoja mzee. Alitazama picha ukutani, akamwonyesha kwa kidole kijana anayecheka pale ambapo wenzake wote wamenuna.

"Mimi ndiye dada mtu," alisema.

Tangu hapo tukamwita Dada Mtu. Alikuwa amezifunga buti za mdogo wake kwenye kipande cha shuka.

"Wanangu ni wasafi kupita kiasi," alimwambia Katibu. "Nikifa leo, kesho hizi ziko jalalani. Hapa kwenu zitakaa."

Katibu alimshukuru kwa hotuba ndefu, na yule mama akaondoka bila kusema zaidi. Hakuona sababu. Nani angewaza kwamba kuna watu wanaojitolea, bila hata kulipwa, kusugua viatu vya marehemu?

Alirudi siku moja kabla ya ufunguzi, kuona tu tumeziweka wapi. Alipita mbele ya rafu ya buti mara ya kwanza. Akapita tena, polepole.

"Za mdogo wangu ziko wapi?"

Sajini alikuwa amesubiri swali hilo kwa hamu. "Hizo hapo mbele yako, dada. Ukitaka hata kujitazama, jitazame."

Kweli ziling'aa. Dada Mtu aliinama, akapitisha kidole kwenye soli, akakiangalia kidole. Kilikuwa safi. Nilimsogezea kiti changu cha cherehani.

"Udongo uko wapi?" aliuliza.

"Udongo gani, dada?"

"Uliokuwa hapa."

"Nimeutoa wote," alisema Sajini, na ndani ya sauti yake bado kulikuwa na majivuno kidogo.

Yule mama hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Mdogo wangu alizikwa huko huko mpakani. Waliomzika hawapajui tena mahali penyewe. Mwenzake mmoja ndiye aliyemvua hizi akaniletea. Mimi nimefiwa, kaka, na sina kaburi. Ule udongo ndio niliokuwa nausalimia."

Katibu alikohoa, akaanza kusema kwa niaba ya kamati. Nikamkanyaga mguu.

Udongo ulikuwa umeangukia kwenye magazeti, magazeti yakaenda kwenye pipa, na gari la taka lilikuwa limeshapita asubuhi. Tulilijua hilo sote watatu. Nilimkasirikia Sajini, na papo hapo nikamwonea huruma, maana alikuwa amesimama wima kama mtu anayesubiri adhabu na haoni wa kumpa.

Kisha alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na brashi.

"Fundi, nipe kitambaa cheupe."

Nilimpa kipande cha bitana. Alikitandaza mezani, akageuza brashi, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Vumbi likadondoka kidogo kidogo, jekundu na jeusi. Akaigonga mpaka hakukutoka kitu tena. Kilichopatikana hakikufika kijiko.

"Dada, sitakudanganya," alisema. "Brashi hii imepita kwenye buti za kikosi kizima. Na zangu zimo. Siwezi kukuapia kwamba huu ni wake."

Dada Mtu aliutazama ule udongo. "Wote mlikuwa huko pamoja naye?"

"Wote."

"Basi hakuwa peke yake."

Sajini aligeukia dirishani. Sijawahi kumwona mtu akichunguza dirisha kwa muda mrefu namna ile, na dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Yule mama alichota udongo kwa ncha za vidole, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, fundo dogo, la pili juu yake. Nilidhani angeuchukua wote. Ilikuwa haki yake, na hakuna ambaye angemnyima. Lakini ulipofika kama nusu aliacha, akakusanya pembe za kitambaa changu, akamwekea Sajini mkononi.

"Huu uliobaki waachieni hapa," alisema. "Hao wengine nao wana dada zao."

Katibu alikwenda kutafuta kibandiko. Kwa mara ya kwanza hakuitisha kikao.