Nati Yenye Alama ya Chaki

Gari la Abigael lilianza kulia Ijumaa alasiri, na kusema kweli lilichagua siku mbaya. Msije mkadhani ni gari la kupanda. Lilikuwa gari la rimoti, la kutosha kujaza karai, lenye tairi za meno na bodi nyekundu aliyoipaka rangi mwenyewe. Kila alipolikunja kona hadi mwisho, servo, ile mota ndogo inayogeuza tairi za mbele, ilitoa mlio mwembamba wa kukera, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Alipoigusa kwa kidole ilikuwa imeshapata moto.

Mbio zilikuwa Jumapili, na Jumapili hiyo haikuwa ya kubahatisha.

Wiki iliyotangulia, shemeji yake Manasseh, kaka mkubwa wa mume wake, alikuwa ameitisha kikao cha familia. Manasseh ana duka sokoni, ni mzee wa kanisa, na akikohoa tu anataka watu wanyamaze. Alisimama katikati ya boma akasema mke wa nyumba hii anafukuzana na vijana uwanjani kwa ajili ya kidude cha watoto, na kijiji kizima cha Manga kinacheka. "Ana shamba, ana ng'ombe, ana mume. Uwanjani anaenda kutafuta nini?" Alimaliza kwa kupendekeza kigari kipewe watoto wake yeye, wakichezee likizo. Mnaona ujanja huo.

Lewis, mwenye mke, yuko Nakuru kwenye kazi za mjengo. Alipopigiwa simu alisema baba ndiye ataamua. Asante sana, Lewis.

Baba ni Mzee Ochoki, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai mpaka alipostaafu. Naye akaamua. Gari likimaliza mbio za Jumapili, libaki kwa mwenyewe na maneno yaishe. Likikwama mbele za watu, liende kwa watoto wa Manasseh.

Mtu wa mbali angesema, kigari tu, si awape wakae kwa amani. Huyo mtu hajawahi kuolewa katika boma la wengine. Shamba analolima Abigael ni la mzee. Majani chai anayochuma yanapelekwa kwa jina la mzee. Ng'ombe ni wa Lewis, nyumba ni ya Lewis, na yeye mwenyewe, kuanzia mtoni hadi sokoni, anaitwa mke wa Lewis. Gari lile aliliokota likiwa mifupa mitupu kwa muuza mitumba mjini Kisii, akalijenga kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu. Na kule uwanjani Duke, mwenyekiti wa vijana wa mbio, akishika kipaza sauti humwita Abigael. Abigael basi, bila mke wa nani. Alilipenda hilo jina likitoka kwenye kipaza sauti, na hakuona haya kulipenda.

Kwa hiyo Ijumaa ile alikaa mlangoni, gari juu ya kigoda, akaanza kutafuta ugonjwa. Alibadilisha betri, mlio ukabaki. Alichomoa waya za servo akazisafisha, akazirudisha, mlio palepale. Akafungua servo yenyewe, akayatazama meno yake moja moja. Hakuna lililovunjika, wala mchanga haukuwemo. Hapo alianza kukasirika. Mwishowe akachomoa kile chuma chembamba kinachounganisha servo na tairi, akaiacha servo izunguke peke yake bila mzigo. Ilizunguka kulia, ikazunguka kushoto, kimya kabisa.

Basi servo haikuwa mgonjwa. Kulikuwa na kitu kinaibana.

Lakini jua lilikuwa limeshagusa ukingo wa milima ya Manga, na kutoka nyumba ya Manasseh wimbo wa kuipokea Sabato ulikuwa umeanza; kwa Wasabato, tangu hapo na Jumamosi yote kazi haishikwi. Abigael aliutazama ule mfuko wa skrubu kwa uchungu. Angeweza kubishana na Manasseh mpaka kesho kutwa. Lakini na Mungu hakubishana. Alirudisha kila kitu mahali pake, akalifunika gari kwa leso, akaenda kunawa mikono.

Sabato hiyo ilikuwa ndefu. Kanisani Manasseh ndiye aliyeomba, na katika maombi yake aliwakumbuka wagonjwa, wasafiri, na "wale ambao mioyo yao imetekwa na vitu vya kuchezea." Kina mama wawili waligeuka kumtazama Abigael. Naye akawatazama vilevile, macho makavu, mpaka wakarudisha nyuso zao mbele. Kichwani alikuwa anazunguka na ule mlio. Kinachobana kiko wapi?

Jumapili alifika uwanjani mapema, kabla vijana hawajamaliza kupanga tairi kuukuu kwenye kona. Ulikuwa uwanja wa shule, juu kabisa, ambako upepo unapita utakavyo. Alilipindua gari kwenye nyasi, akafungua kifuniko cha mbele, mahali ambapo Ijumaa jua lilimnyima kufika.

Chini ya kifuniko hicho kuna kijikono chenye springi na nati yake. Kazi ya springi ni kukubali. Tairi zikigonga jiwe, inabonyea kidogo, meno ya servo yanapona. Tairi zikifika mwisho wa kukunja, inabonyea tena, na servo inatulia. Kwa sababu hiyo nati yake haikazwi sana. Abigael alikuwa ameipata sehemu yake sawasawa kwa kujaribu na kukosea, na ili asiipoteze alikuwa amechora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni.

Mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja ilikuwa huku, nusu nyingine imezunguka kwenda upande wa pili. Mtu alikuwa ameikaza ile nati kama nati ya trekta. Sasa servo ilikuwa inasukuma tairi ambazo zimeshagota, springi haikubali, na maskini haina pa kwenda ila kulia na kuchemka. Kwa mizunguko michache tu ya mbio ingeungua.

Kwanza alimwaza Manasseh, na damu ikampanda kichwani. Halafu akaona doa la chaki nyeupe juu ya nati.

Katika boma lile mtu mmoja tu hutia doa la chaki kwenye nati aliyoikaza. Limo kwenye bawaba za lango, limo kwenye pampu ya dawa ya ng'ombe, limo kwenye baiskeli ya kila mjukuu. Ni mazoea ya kiwandani. Fundi akikaza, anatia alama, ili wa zamu inayofuata ajue imekaguliwa. Ijumaa asubuhi Abigael alikuwa ameliosha gari akaliacha barazani likauke, akaenda kuchuma majani chai. Baba mkwe haingii nyumba ya mkamwana, lakini barazani hupita. Alilishika, akazitikisa tairi, akaona zinachezacheza, akafikiri nati imelegea. Akafungua, akakaza, akafunga, akaenda zake bila kusema neno. Mzee Ochoki alitaka mkamwana wake ashinde. Kicheko na kilio vilimjia Abigael kwa pamoja.

"Umekwama?"

Alikuwa Manasseh, amevaa koti la kanisani siku isiyo ya kanisa. Aliinama, akatazama, na alipoiona chaki uso wake ulichangamka.

"Hiyo ni kazi ya baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kusikika mpaka kwenye kona za uwanja. "Baba mwenyewe amekaza. Na wewe umeshika koleo. Unataka kufungua kazi ya baba mkwe wako hapa, mbele ya watu?"

Watu walianza kusogea. Mzee Ochoki alikuwa amesimama karibu na goli, kofia mkononi, na alisikia.

Hapa lazima mjue kitu kimoja. Wakisii tuna chinsoni, heshima ya kati ya mkamwana na baba mkwe, na si heshima ya mdomo tu. Hampi mkono. Hamkodolei macho. Hata kitu hamkabidhi mkononi. Anakiweka chini, anasogea, ndipo mzee anakichukua. Kumsahihisha hadharani ni jambo ambalo mama yako angelisikia akiwa huko kwenu na akafunga mlango kwa aibu. Manasseh alijua. Nati ikibaki, gari linaungua. Nati ikifunguliwa, mke wa Lewis ni mtovu wa adabu. Kwa vyovyote vile watoto wake wanapata kigari.

Abigael alisimama. Macho aliyaweka chini kwenye nyasi, kama inavyotakiwa. Sauti hakuiweka chini.

"Shemeji, heshima yangu kwa tata haipimwi na wewe," alisema; tata kwetu ni baba. "Tata alikaza hii nati kwa sababu alinitakia mema, na nitamshukuru kwa hilo maisha yangu yote. Lakini imekazwa kupita kiasi. Hii gari ni yangu, nimeijenga mimi, na hii nati naifungua."

Duke alishusha kipaza sauti. Abigael alipiga magoti, akaibana nati kwa koleo lake, akavuta. Koleo likateleza. Akavuta tena, likateleza tena na kumchubua vidole. Mkono wa mzee ni mkono wa mitambo mikubwa, akikaza, kimekazwa. Manasseh alicheka puani.

Ndipo Mzee Ochoki akaondoka pale golini. Alitembea polepole kuvuka uwanja, na watu wakampisha. Abigael alimsikia akija, lakini hakuliachia lile koleo. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa ameishika nati yake.

Mzee alisimama hatua chache kutoka kwake. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa spana ndogo iliyong'aa kwa kutumika. Aliinama kwa shida, akaiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma, akageuka kuutazama upande wa mabonde.

Abigael aliichukua ile spana. Nati iligoma, ikagoma, halafu ikakubali. Akailegeza kidogo kidogo mpaka nusu mbili za mstari wa rangi ya kucha zikakutana. Doa la chaki hakulifuta. Akafunga kifuniko, akawasha, akakunja kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Upepo ndio uliosikika.

Hakushinda, nisiwadanganye. Kijana mmoja wa Nyamache alishinda, mwenye gari jipya na maringo yake. Lakini lile jekundu lilizunguka mizunguko yote, lilipigwa kumbo kwenye kona likarudi njiani, na mwishoni Duke alipaza sauti, "Abigael, wa tatu," na uwanja ukapiga makofi. Alisimama wima akayapokea.

Baadaye aliipangusa spana kwa leso yake, akaiweka kwenye nyasi karibu na miguu ya mzee, akasogea nyuma.

"Kaa nayo," alisema Mzee Ochoki, bado anatazama mabonde. "Mimi nimezoea nati za kiwanda."

Abigael akaiokota tena. Manasseh alikuwa palepale, mikono mfukoni, anatafuta la kusema ili asiondoke mikono mitupu.

"Haya," alisema. "Angalau ile kelele imeisha."

"Ya gari imeisha, shemeji," alijibu Abigael, akitia spana mfukoni. "Yangu ndiyo inaanza."